Mizani ya Utumishi: Maisha ya Sheikh Kaluta Amri Abedi

Kila mwaka ifikapo Mei Mosi, huko Kasulu na Kibondo kama ilivyo katika wilaya zote za nchi yetu, wafanyakazi huandamana, ngoma hulia, na mwishoni majina machache husomwa. Mwenye jina hutoka mstarini, akapewa cheti na bahasha, akapigiwa makofi, kisha akarudi mahali pake. Ni desturi njema, nasi twaiunga mkono. Lakini tumeona mara nyingi kwamba ukimwuliza mmoja wa wale waliopiga makofi, yule mtumishi ametenda jambo gani hata akatunzwa, jibu huwa ni moja tu: amekaa kazini miaka mingi. Miaka 20, miaka 30. Na hapo sifa zake zimekwisha.

Twapenda leo kuuliza swali ambalo yatupasa kulijibu kabla ya kutoa cheti kingine. Je, utumishi wa umma hupimwa kwa miaka? Na kama haupimwi kwa miaka, hupimwa kwa nini? Swali hili si la mchezo, hasa kwa ndugu zetu wa nyanda za juu za Kigoma, ambao kwa muda mrefu wameletewa watumishi wa namna mbili: wale waliofika wakakaa mpaka wakazeeka pamoja na wananchi, na wale waliofika wakiwa wamekwisha kuandika barua ya kuomba uhamisho.

Ili swali lisielee hewani, tumechagua maisha ya mtu mmoja, tuyatazame. Ni mzaliwa wa Kigoma. Alikuwa mkuu wa mji, akawa mkuu wa mkoa, akawa waziri. Hakukaa katika cheo hata kimoja kwa muda mrefu, na alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 40 tu. Hata hivyo jina lake limeishi kuliko majina ya wengi waliokalia viti vyao nusu ya maisha yao. Mtu huyo ni Sheikh Kaluta Amri Abedi.

Alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Wasomaji wetu waijua Ujiji: mji wa kale kando ya Ziwa Tanganyika, mwisho wa ile njia ndefu ya misafara iliyotoka pwani, mahali ambapo Kiswahili kilitia mizizi zamani sana pamoja na biashara, pamoja na Uislamu, na pia pamoja na machungu ya utumwa. Mji huohuo ndio uliomtoa Saadani Abdu Kandoro, mshairi na mmoja wa wale waanzilishi 17 wa TANU waliokutana tarehe 7 Julai 1954. Si ajabu basi kwamba mtoto wa Ujiji alikua akiwa na masikio mepesi kwa lugha na shairi.

Lakini Kigoma ya siku zile ilikuwa na sura mbili. Ujiji na bandari ya Kigoma zilitazamana na dunia, kwa ziwa na kwa reli iliyofika huko mwaka 1914. Ukipanda milima kuelekea kaskazini ukaingia Buha, katika nchi za Heru, Muhambwe na Buyungu, ambazo ndizo Kasulu na Kibondo za serikali, dunia ilifika kwa mlango mwingine. Ilifika kwa mwandikishaji wa vibarua. Serikali ya kikoloni haikuitazama Buha kama mahali pa kupanda zao la fedha au kujenga shule nyingi. Iliitazama kama ghala la nguvukazi. Vijana wa Kiha walishuka kwa maelfu, wakapanda gari moshi, wakaenda kukata mkonge Tanga na kwingineko, wakiitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba kuliko kwa majina yao. Baba alirudi baada ya mwaka au zaidi akiwa na blanketi na shilingi chache, na wengine hawakurudi kabisa.

Twayataja hayo ili msomaji ajue ni mkoa wa namna gani uliomzaa Amri Abedi, na kwa nini suala la nani awatumikie watu wake halikuwa suala la vyeo peke yake.

Kijana Amri alisoma Ujiji, kisha akapelekwa Shule ya Serikali ya Tabora, shule ile ile iliyomlea Julius Nyerere. Wakoloni waliianzisha ili kuwapata wana wa watemi na makarani waaminifu. Wasingalifikiri kwamba walikuwa wakiwanoa watu watakaokuja kukaa katika viti vyao. Kijana mwenye elimu ya Tabora, kwa siku zile, alikuwa na njia nyeupe mbele yake: angaliingia ofisini, angalivaa kaptula iliyopigwa pasi, na angaliheshimiwa mtaani hadi kustaafu kwake. Yeye alichagua njia nyembamba zaidi. Alijiunga na Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya, akawa mhubiri wao.

Katika kazi hiyo alimsaidia Sheikh Mubarak Ahmad kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyotolewa Nairobi mwaka 1953. Yatupasa kusema wazi kwamba kazi hiyo haikupokewa na wote kwa mikono miwili. Masheikh wengi wa Afrika Mashariki waliipinga vikali, na Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Zanzibar alitoa baadaye tafsiri yake mwenyewe, iliyopendwa na Waislamu wengi zaidi. Sisi hatuingii katika mabishano hayo, maana si kazi ya ukurasa huu. Twataja tu kwamba Amri Abedi alikuwa mtu wa jamaa ndogo, mwenye msimamo ambao majirani zake wengi hawakukubaliana nao, naye hakuuficha ili apate kupendwa. Jambo hili tuliweke akilini, maana litarudi.

Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichochapishwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Hapana shaka wasomaji wetu wengi walikutana nacho shuleni. Kabla yake washairi walijua vina na mizani kwa kusikia na kwa kufundishwa na wakubwa wao. Yeye alikaa chini akaziandika kanuni: namna ya kuhesabu mizani, namna vina vya kati na vya mwisho vinavyofungamana, mahali pa kituo, na makosa yanayoliharibu shairi. Tangu hapo mwanafunzi wa Lindi na mwanafunzi wa Kibondo waliweza kujifunza sanaa ile bila ya kuzaliwa katika nyumba ya mshairi. Kilichokuwa mali ya wachache wenye bahati kikawa mali ya yeyote ajuaye kusoma.

Twaomba msomaji aitazame kazi hii kwa makini, kwa sababu ndani yake mna tabia ya mtumishi aliyekuja baadaye. Mtu mwenye kipaji hupenda kipaji chake kibaki siri, ili watu waendelee kumhitaji. Amri Abedi alitoa siri ya kazi yake nje, akaiandika kwa lugha nyepesi, akaikabidhi kwa watu. Katika ofisi zetu leo mtumishi wa namna hiyo ni adimu kuliko dhahabu.

Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Rabwah, nchini Pakistan, kuongeza elimu ya dini. Aliporudi, nchi ilikuwa imekwisha kuamka. TANU ilikuwa imetia nanga mijini na ilikuwa ikipanda milimani. Naye akaingia katika mapambano.

Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa mji uliogawanywa kama chungwa. Wazungu walikaa upande wa bahari penye upepo na miti. Wahindi walikaa katikati penye maduka. Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi kuliko wote, walikaa Kariakoo, Ilala na vitongoji vingine, na kati yao na wengine paliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Mgawanyo huo haukutokea wenyewe. Ulitiwa katika kanuni za ujenzi tangu wakati wa Mjerumani, na Mwingereza akauendeleza kwa jina la usafi na ubora wa nyumba. Mji ulipopewa baraza na Meya mwaka 1949, kiti cha Meya kilikaliwa na watu wa mataifa mengine. Mwafrika aliufagia mji, aliubeba mgongoni, akaulipia kodi; kuuongoza hakuruhusiwa.

Mwaka 1960 Sheikh Amri Abedi akawa Meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho.

Vijana wa leo huenda wasitambue uzito wa jambo hilo, kwa kuwa wamezaliwa wakiwakuta mameya na wakurugenzi ni watu wa nyumbani. Lakini tufikirie mchukuzi wa bandarini, au kijana wa Kiha aliyekimbia mkonge akaja kutafuta kazi Dar es Salaam, aliyezoea kuwa jengo la baraza la mji ni mahali pa kupelekwa kwa kosa la kuuza samaki bila kibali. Siku moja anaambiwa kwamba mkuu wa mji ni mtoto wa Ujiji, mtunga mashairi, ajuaye Kiswahili kuliko wengi walioko barazani. Jambo la namna hiyo humbadilisha mtu mwendo wake anapopita mlangoni.

Hapa ndipo linaporudi lile tuliloliweka akilini. Waislamu wengi wa Dar es Salaam hawakuwa wa jumuiya yake, na wapo waliokuwa wamempinga misikitini na magazetini. Hilo halikuwa kizuizi. Wananchi waliweza kutofautisha mabishano ya wanavyuoni na kazi ya kuuongoza mji, na TANU iliweza kumsimamisha mtu kwa uwezo wake bila kuuliza anaswali wapi. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni twakumbuka jinsi wakoloni walivyopenda kutuhesabu kwa dini, huyu wa padri na yule wa sheikh. Umeya wa Amri Abedi ulikuwa jibu moja kati ya majibu mengi tuliyowapa.

Katika mwaka huohuo wa 1960 ulifanyika uchaguzi mkuu ambao TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Amri Abedi aliwawakilisha watu wa Kigoma katika Baraza la Kutunga Sheria, ambalo baadaye likawa Bunge. Hivyo mtu mmoja alibeba mzigo wa mji mkuu begani huku, na mzigo wa mkoa uliosahauliwa begani kule.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, serikali ilikabiliwa na tatizo ambalo bendera mpya haikuweza kulitatua. Nchi ilikuwa bado inaendeshwa na mabwana shauri na makamishna wa majimbo waliofunzwa kumtumikia mfalme wa ng'ambo. Mwaka 1962 vyeo hivyo vilianza kuondolewa, na mahali pake wakawekwa Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Wilaya, ambao walikuwa watumishi wa serikali na papo hapo makatibu wa TANU katika sehemu zao. Sheikh Amri Abedi alipewa Mkoa wa Magharibi.

Mkoa huo haukuwa mdogo. Makao yake yalikuwa Tabora, nao ulianzia Unyamwezi ukaenda hadi Ziwa Tanganyika na mpaka wa Burundi, na ndani yake zilikuwamo Kigoma, Kasulu na Kibondo. Kutoka Tabora hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 400. Na kutoka Kigoma hadi Kibondo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 200 za milima, ambazo siku zile zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na za matope wakati wa masika. Burundi nayo ilipata uhuru tarehe 1 Julai mwaka huohuo, na mpaka uliokuwa mstari kati ya milki mbili za Ulaya ukawa mpaka kati ya nchi mbili jirani za Kiafrika, ambazo watu wake walikuwa wakioana na kuuziana ng'ombe tangu zamani.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa la utawala wa ndani. Chini ya Mwingereza, Buha ilitawaliwa kupitia Abami wake na watwale waliokuwa chini yao. Hatusemi kwamba wote walikuwa wabaya. Heru, kwa mfano, ilikuwa na Mwami mwanamke, Theresa Ntare, katika wakati ambapo mabaraza mengi ya dunia hayakumruhusu mwanamke hata kukaribia kiti. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa na kasoro isiyoweza kupakwa chokaa: mtu mmoja alikusanya kodi, akatoa amri, na tena akamhukumu yule aliyekataa kodi na amri. Mwanzoni mwa mwaka 1963 madaraka ya watemi na machifu yalifutwa nchini kote, na kazi zao zikahamia kwa halmashauri za wilaya na kwa watumishi wa serikali.

Mabadiliko kama hayo, katika nchi nyingine, yamemwaga damu. Kwetu yalipita kwa amani. Wanaostahili sifa ya jambo hilo ni wengi: wananchi wenyewe, machifu walioweka nchi mbele ya viti vyao, na wale Wakuu wa Mikoa wa kwanza ambao walikuwa na madaraka makubwa bila ya mtu wa kuwaonyesha njia. Amri Abedi alikuwa mmoja wao. Hakuna kitabu cha utumishi kilichoandikwa kwa ajili ya Mkuu wa Mkoa wa kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kurasa za mwanzo za kitabu hicho.

Mwaka 1963 aliitwa Dar es Salaam kuwa Waziri wa Sheria. Yule aliyeandika sheria za mashairi akakabidhiwa sheria za nchi, na yule aliyefundisha mizani ya beti akakabidhiwa mizani ya haki. Twaweza kulitazama jambo hilo kama sadfa ya kupendeza, lakini kazi aliyoikuta haikuwa ya kupendeza. Nchi ilikuwa na mahakama za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za majaji na mawakili, za Kiingereza, ambazo zilimfaa Mzungu na tajiri wa mjini. Za pili zilikuwa mahakama za wenyeji, ambako mkulima wa Muhambwe alihukumiwa, na rufani yake ilipanda kwa Bwana Shauri, mtu yule yule aliyekuwa mkuu wa utawala, badala ya kupanda kwa jaji.

Wakati wa uwaziri wake ndipo ilipopitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Kwa sheria hiyo ngazi zote ziliunganishwa: Mahakama ya Mwanzo chini, Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi juu yake, na Mahakama Kuu juu ya zote. Kesi ya mbuzi iliyoanzia kijijini Kasulu ikapata njia ya kupanda ngazi hadi kwa jaji yule yule anayesikiliza kesi ya mwenye kampuni. Tena katika Mahakama ya Mwanzo lugha ikawa Kiswahili, ili mshtakiwa asihukumiwe kwa maneno asiyoyaelewa. Haikuwa kazi ya waziri mmoja. Ilikuwa ya serikali nzima na ya Bunge. Lakini ilifanyika katika zamu yake, naye ndiye aliyekuwa akiujibia usukani wa wizara hiyo.

Baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana tarehe 26 Aprili 1964, alihamishiwa tena, akawa Waziri wa Maendeleo na Utamaduni. Kiti hicho kilimfaa kama kisu kinavyofaa ala yake. Hakukikalia kwa miezi mingi. Aliugua, akapelekwa Ujerumani Magharibi kutibiwa, na huko akafariki dunia mwezi wa Oktoba 1964.

Tuhesabu sasa. Tangu umeya hadi kifo hazikutimia hata miaka mitano. Katika muda huo alikuwa Meya, Mbunge, Mkuu wa Mkoa, na waziri katika wizara mbili. Kama cheti cha utumishi hutolewa kwa miaka, Sheikh Amri Abedi hastahili hata kuitwa mstarini.

Lakini tazameni kilichobaki. Sheria zake za mashairi zimeendelea kusomwa na vizazi vilivyozaliwa baada ya yeye kuzikwa. Mahakama ya Mwanzo iko mpaka leo, na ndiyo mahakama ambayo mwananchi wa kawaida huijua. Lugha aliyoipigania ilitangazwa mwaka 1967 kuwa lugha ya shughuli za serikali. Na mlango wa baraza la mji aliouingia yeye wa kwanza haukufungwa tena. Huko Arusha uwanja mkubwa wa michezo unaitwa kwa jina lake, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, kama wenyeji wanavyoliandika. Maelfu hukaa pale kutazama mpira na kusikiliza hotuba, ingawa twaogopa kwamba wengi wao wakiulizwa alikuwa nani watatazama chini.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba mizani ya utumishi ni kile kinachobaki mtumishi akishaondoka. Aliyetumikia kwa upendeleo, akiondoka upendeleo wake huondoka naye, na watu huanza upya kumtafuta mkubwa mpya wa kumbembeleza. Aliyetumikia kwa kanuni, akiondoka kanuni hubaki, na mnyonge huendelea kuitegemea hata asipolijua jina la aliyeiweka. Hii ndiyo maana ya ile ahadi ya mwana-TANU iliyomfundisha kukiona cheo kuwa dhamana. Dhamana ni mali ya mwenyewe. Aliyeishika huulizwa ameirudisha katika hali gani, wala haulizwi ameishika siku ngapi.

Hata hivyo tusije tukaeleweka vibaya, mtu akadhani kwamba twawadharau waliokaa muda mrefu. Kinyume chake. Yako mambo ambayo mwaka mmoja hauwezi kuyafanya, na nyanda za juu za Kigoma ni shahidi. Katika miaka ya 1970 wananchi wa Kasulu na Kibondo walihamishiwa vijijini, na ni watumishi wa wilaya waliobaki nao kutafuta maji na kujenga madarasa mahali papya, tena mahali pengine wakiyarekebisha makosa yaliyofanywa kwa haraka. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, zikarudishwa mwaka 1984, na ni makarani wachache wenye kumbukumbu waliojua daftari zilikokuwa. Mwaka 1993 na baada yake wakimbizi wa Burundi waliingia kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya ndugu wa Kongo. Mwaka 2015 wakimbizi wakaja tena, na Nduta ikajaa. Wageni wenye magari meupe walikuja wakaenda. Muuguzi wa Kibondo, bwana afya, mhasibu wa halmashauri, mtendaji wa kata na hakimu wa mwanzo walibaki. Mwaka 2012 Kasulu ikazaa Buhigwe, na Kibondo ikazaa Kakonko, na katika wilaya hizo changa ofisi zilianzishwa na watu waliokubali kufanya kazi kabla meza hazijafika.

Hao ndio twataka watunzwe. Lakini wakitunzwa, yasisomwe majina na miaka peke yake. Isomwe pia kazi: mtumishi huyu aliacha daftari safi lisilokuwa na shilingi iliyopotea, huyu alisimamia mfereji ambao bado unatoa maji, huyu alifundisha vijana watatu kazi yake, nao leo waifanya, huyu alikataa kumpa ndugu yake kiwanja cha shule. Halmashauri za Kasulu na Kibondo, kama za mahali pengine, zingefanya vema kuweka kitabu ambamo kazi za watumishi wao wanaostaafu zitaandikwa kwa ukweli, mema na mapungufu, na kitabu hicho kiwe wazi kwa mwananchi yeyote ajuaye kusoma. Hapo mtumishi kijana atakayefika toka chuoni atajua amekanyaga ardhi ya nani, na ni deni gani analolirithi.

Tena tungewasihi wenye madaraka ya kuhamisha watumishi. Amri Abedi alihamishwa mara nyingi kwa sababu nchi ilikuwa changa na watu wenye ujuzi walikuwa wachache. Sababu hiyo imekwisha. Mkurugenzi anayehamishwa kabla hajaijua njia ya kwenda Muhambwe hawezi kuacha kanuni yoyote. Ataacha maofisa waliochoka na mipango iliyokatika katikati. Wala si haki wilaya za mpakani zitumiwe kama mahali pa kumpeleka mtumishi aliyekosa mjini, maana mwananchi wa Kibondo hakufanya kosa lolote.

Mkoa ambao zamani ulihesabiwa kwa namba za manamba ulitoa mtu aliyeuongoza mji mkuu, akashika mizani ya sheria ya taifa, akaandika kanuni za lugha yetu, na yote hayo kabla hajafikisha miaka 41. Yeye hakupata nafasi ya kuzeeka kazini. Waliopata nafasi hiyo, katika ofisi zote za Kasulu na Kibondo, wana neema ambayo yeye alinyimwa. Tunawapongeza kwa miaka yao, nasi twangoja kuona watakachokiacha.